"I am go", "more taller" na ndugu zao: tafuta chanzo kabla ya kusahihisha

Mwalimu mwenzangu unayefundisha Kiingereza sekondari huku kusini, chukua madaftari ya Kidato cha Pili kutoka Tandahimba, uyachanganye na ya Liwale, kisha usahihishe bila kutazama majina. Hutaweza kutambua lipi limetoka wapi. "I am go", "she didn't came", "more taller than": makosa ni yale yale, mwaka huu kama mwaka jana. Makosa ya kubahatisha hayafanani hivyo. Haya yanafanana kwa sababu yametoka katika lugha moja ambayo watoto wote hawa wanaijua vizuri, nayo ni Kiswahili.

Mtoto huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Nyumbani huenda wanaongea Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, lakini hesabu, sayansi na hadithi za darasani amezipata kwa Kiswahili, na akiingia Kidato cha Kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Tunaposema "hajui tensi" tunamwonea. Mambo ya wakati anayajua kwa undani: anatofautisha hakuja na hajaja, akija na alipokuja, bila kufikiri hata kidogo. Asichokijua ni mahali Kiingereza kinapoweka vitu hivyo, na asipoonyeshwa ataviweka pale ambapo Kiswahili kingeviweka. Kwa hiyo kabla ya kurudia kanuni kwa mara ya tano, jiulize sentensi ile ingekuwaje kwa Kiswahili. Mara nyingi chanzo utakiona hapo hapo.

Najua shule nyingi zinakataza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Hata hivyo, dakika tano za kutafuta chanzo kwa Kiswahili, kisha thelathini na tano za Kiingereza kitupu, zinafaa kuliko dakika arobaini za kanuni isiyoingia. Na lile jedwali la tensi kumi na mbili linalobandikwa ukutani wiki ya kwanza, naomba lisubiri. Mtoto akiziona zote kwa pamoja anakariri majina, halafu akiandika barua kwa shangazi yake hajui aanze na ipi. Fundisha mbili mbili, zile zinazogombana kichwani mwake.

Pima kwanza

Mwanafunzi akikosea, mfanyishe mambo matatu. Aseme kwa Kiswahili alichotaka kusema. Aandike sentensi ile ile aliyoitamka. Kisha mpe zoezi la kujaza nafasi lenye kitenzi hicho hicho.

Akikosea kutamka lakini akaandika sawa, shida ni masikio na ulimi, nenda kwenye sehemu ya "-ed", ile inayoanza na "walked". Akijaza nafasi sawa lakini insha yake ikavurugika, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "ka", ile ya insha inayoanza jana na kuishia leo. Akikosea kote, anza na hili linalofuata.

"I am go to school every day"

Hili ndilo kosa la kwanza kuonekana na lina mantiki kamili. Mtoto amekata "ni-na-enda" vipande vitatu: "ni" ni "I", "na" ni "am", "enda" ni "go". Amefanya hivyo hivyo kwa "ni-li-enda" akapata "I was go". Kinachomthibitishia kwamba yuko sahihi ni "ni-ta-enda", kwa kuwa huko "I will go" inakubali vipande vyote vitatu na mwalimu anampa vema. Ukimwambia tu "toa am", ataitoa leo, na kesho ataitoa hata kwenye "I am going".

Dawa ni kuipasua hiyo "-na-". Kwa Kiswahili "anafundisha" inaweza kujibu maswali mawili: anafanya kazi gani, na yuko wapi sasa hivi. Waulize yote mawili, wajibu kwa Kiswahili, waone kwamba neno ni moja na maana ni mbili. Kisha wape kipimo cha "hu-": kama unaweza kusema "hufundisha" na maana ikabaki, Kiingereza hakitaki "am", "is" wala "are". "Baba huvua samaki" ni "My father catches fish". Kama maana ni kwamba yuko baharini muda huu, hapo ni "My father is fishing", na ile "-ing" haikosekani kamwe.

Halafu fanyeni kwa vitendo. Mmoja afute ubao, darasa liseme "He is wiping the board." Akae. Uliza nani hufuta ubao kila siku, waseme "Asha wipes the board every day." Rudia na kufungua dirisha, kugawa madaftari, kufagia. Usihame hapo mpaka waweze kuruka kutoka sentensi moja kwenda nyingine bila kusita. Angalizo moja: "know", "want", "like" na "believe" kwa kawaida hazipokei "-ing" hata kama jambo liko sasa hivi. Najua sasa hivi bado ni "I know".

"She go", "They goes"

Mtoto amefundishwa kwamba "s" ni ya wingi. "They" ni wengi, basi wape "s". Tena kwa Kiswahili nafsi hujulikana mwanzoni mwa kitenzi, hivyo jicho lake haliendi mkiani kabisa.

Mwonyeshe kwamba katika sentensi hizi "s" ni moja na inahama: "The girl runs", "The girls run". Ikikaa kwa jina, kitenzi kinakosa. Ikikosekana kwa jina, kitenzi kinachukua. Yapo majina yasiyofuata, kama "children", lakini yaache yaje baadaye. Swali likija, "s" inahamia kwa "does": "Does she run?" Hili halihitaji zaidi ya vipindi viwili, kisha ni kukumbushana tu.

"Did you went?", "She didn't came"

Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa, na nashangaa tunavyokiacha. Andika ubaoni "alikuja". Waambie waikanushe. Watasema "hakuja". Uliza: ile "li" imekwenda wapi? Mbona hamkusema "hakulikuja"? Watacheka, na katika kicheko hicho somo limeshaingia: wakati uliopita ukibebwa na "-ku-", "li" inaondoka. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo. "Did" ikishaubeba wakati, "came" inarudi kuwa "come". "She came", "She didn't come", "Did she come?" Wape vitenzi kumi, kila kimoja kipite njia hizo tatu kwa mdomo kabla hakijaandikwa.

Insha inaanza jana, inaishia leo

Hili ndilo linalonyang'anya watoto alama nyingi kuliko mengine yote, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mwanafunzi anapata zoezi la kujaza nafasi lote, kisha anaandika aya kama hii:

"Last Saturday my father went to the auction. He meet his friends and they talk about the price. After that they sell the cashew nuts and he buy for us sugar and rice. We are very happy."

Mwalimu anaona mvurugano, anapiga mistari myekundu mitano na kuandika pembeni "Tense!" Sasa soma jambo hilo hilo kama mtoto huyu angelisimulia kwa Kiswahili:

"Jumamosi iliyopita baba alikwenda mnadani. Akakutana na rafiki zake, wakaongea kuhusu bei. Baada ya hapo wakauza korosho, akatununulia sukari na mchele. Tukafurahi sana."

Hesabu "li": ipo moja, na "went" ni moja. Hesabu "ka": akakutana, wakaongea, wakauza, akatununulia, tukafurahi. Ni tano, na vitenzi alivyokosea ni vitano, vile vile, mahali pale pale. Mtoto ametii sheria ya kusimulia ya Kiswahili: taja wakati mara moja, kisha endelea na "ka". Alipoitafuta "ka" katika Kiingereza hakuipata, akaacha kitenzi kitupu. Hakusahau kwamba ni jana.

Ukishaona hivyo, utaacha kumwambia "kumbuka past tense", kwa sababu hajaisahau. Mwambie kwamba Kiingereza hakina "ka". Kinarudia "li" kila kitenzi, kutoka mwanzo wa kisa hadi mwisho. Wasome aya ile ya Kiswahili kwa sauti wakiweka "li" kila mahali: alikwenda, alikutana, waliongea, waliuza, alitununulia, tulifurahi. Kwa Kiswahili inachosha sikio. Waambie Kiingereza ndivyo kinavyopenda.

Kisha zoezi lenyewe. Darasa liandike kisa kifupi kwa Kiswahili, sentensi sita au saba tu, cha jambo lililotokea kweli: safari ya kwenda Masasi, mechi ya Jumapili, siku mvua ilipokata barabara. Wapigie mstari kila "ka". Juu ya kila mstari waandike kitenzi cha Kiingereza katika umbo la wakati uliopita: "met", "talked", "sold", "bought", "were". Hapo tu ndipo waanze kuandika aya ya Kiingereza. Baada ya visa vichache wataanza kuandika Kiingereza moja kwa moja, na wewe utaondoa hatua ya Kiswahili bila wao kuihitaji tena. Aliye nyuma mwache aendelee nayo.

Kuhusu vitenzi visivyofuata kanuni, orodha ndefu ya alfabeti inayoanza na "arise" na "awake" ni mzigo bure kwa Kidato cha Kwanza. Watoto hawa husimulia kuhusu kwenda, kuja, kununua, kuuza, kuona, kula, kupa, kuchukua, kukutana, kusema, kupata, kuleta, kukimbia, kulala. Anza na hivyo. Vikishakaa mdomoni, vingine vitafuata.

Jihadhari pia usisahihishe kisichokosewa. Katikati ya kisa cha jana panaweza kuwa na jambo lililo kweli siku zote, au maneno ya mtu yaliyonukuliwa kama alivyoyasema. Hayo hayalazimiki kurudi nyuma.

Kitabu kimeandika "walked", yeye anasoma "walk"

Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa machache ya kukopa. Sikio lililokulia humo halitarajii konsonanti mbili au tatu zikirundikana mwishoni mwa neno, kwa hiyo "walked", "washed" na "helped" zinasikika kama "walk", "wash" na "help". Mtoto hasikii tofauti, hasemi tofauti, na baada ya muda haandiki tofauti. Mwenzake aliyejitahidi zaidi anasema "walkedi" na "washedi". Yeye angalau anaiona.

Imla itakuonyesha nani yuko wapi. Soma sentensi nane, nne za "every day" na nne za "yesterday", lakini ufiche maneno hayo ya wakati. Anayeandika zote bila "-ed" hazisikii.

Fundisha sauti tatu. Baada ya "t" au "d", "-ed" ni silabi kamili: "wanted", "needed", "planted". Baada ya sauti nzito kama za "play", "call", "open" inabaki "d" tu. Baada ya sauti nyepesi kama za "walk", "wash", "help" inakuwa "t" tu. Na kuna njia ya kuirahisishia ndimi: weka neno linaloanza na irabu mbele yake. "Walked along", "washed it", "helped us". Ile "t" inapata irabu ya kuegemea, na mtoto wa Kiswahili anaitamka bila taabu. Ikishazoeleka humo, utaweza kuiondoa irabu.

"I have tired", "He has sat on the chair", "I have seen him yesterday"

Makosa matatu, chanzo kimoja: "-me-". Tunawafundisha kwamba "-me-" ni "have" au "has", na hiyo ni theluthi tu ya ukweli.

"-me-" mara nyingi hueleza hali aliyomo mtu sasa. Amechoka, amelala, ameketi, amesimama, amevaa, amekufa. Kiingereza kinayaona hayo kama hali ya sasa na kinaanza na "is": "is tired", "is asleep", "is sitting", "is standing", "is wearing", "is dead". Kipimo ni swali "Yukoje?" Kama jibu lenye "-me-" linajibu yukoje, "have" ikae pembeni. Mtoto anayeandika "My teacher has wear a white shirt" hahitaji kufundishwa umbo "worn". Hata "has worn" haitampatia alichokusudia kusema.

Kisha kuna "-me-" ya jambo lililokamilika ambalo matokeo yake bado tunayo: basi limefika, nimemaliza, tumeshakula. Hii ndiyo "have" yenyewe, na ushauri wangu ni kuianza kwa ukanushi. Watoto wetu wanajua tofauti ya "hajafika" na "hakufika" tangu wakiwa wadogo. Ukisema "mgeni hajafika", bado mnamsubiri. Ukisema "hakufika", mmeshaosha vyombo. Kiingereza kina jozi ile ile: "He hasn't arrived yet" na "He didn't arrive". Kila "-ja-" ni "hasn't" au "haven't" pamoja na "yet". Nimeona darasa ambalo lilikwama kabisa kwenye "present perfect" likafunguka kwa njia hii ndani ya kipindi kimoja, kwa sababu halikujifunza wazo jipya. Wazo lilikuwepo. Ukanushi ukishatulia, geuza: "Has he arrived?" "Yes, he has arrived."

Tatu ni "nimemwona jana". Katika mazungumzo ya Kiswahili inapita bila mtu kushtuka. Kiingereza hakiipokei: ukishataja muda uliokwisha, iwe "yesterday", "last week" au mwaka, "have" inaondoka. Mifano ya hapa kwetu inasaidia, maana tarehe zake hazina ubishi. "Livingstone landed at Mikindani in 1866." "Benjamin Mkapa was born in Lupaso in 1938." "He was President from 1995 to 2005." "He died in 2020." Hakuna hata moja inayokubali "has".

Kwa kuziweka zote mbili mbele ya mtoto kwa pamoja, sijaona mfano mzuri kuliko mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, kule Lindi. Andika ubaoni:

"The Germans dug up the bones between 1909 and 1913. They took them to Berlin. The bones have been in Berlin for more than a hundred years. They have not come back to Lindi."

Uliza kuhusu kila sentensi: jambo hili limekwisha, au bado linaendelea mpaka leo tunavyoongea? Kuchimba kumekwisha. Kusafirisha kumekwisha. Kuwa Berlin bado. Kutorudi bado. Watoto wa Lindi wana maoni mazito kuhusu mifupa hiyo na wataongea, na wakiongea watalazimika kuchagua kati ya "took" na "have taken" kwa sababu wana jambo la kusema. Waachie nafasi hiyo, hata kama kipindi kitakwisha kabla ya zoezi la kitabu.

Hapo hapo maliza na "tangu". Kwa Kiswahili tunasema "ninaishi Mtwara tangu 2015", kwa "-na-", ndiyo maana wanaandika "I am living in Mtwara since 2015". Kiingereza kinataka "I have lived". "Since" inataja mlango wa kuingilia, "for" inataja urefu wa muda: "Kilwa Kisiwani has been on the World Heritage List since 1981." Waulize ni miaka mingapi sasa, wabadilishe kuwa "for".

"When I will arrive", "If I would have money"

"Nitakapofika" ina "-ta-" ndani yake, basi mtoto anaitafsiri kwa uaminifu. Mfundishe kuzungushia duara nusu ya sentensi yenye "when", "if", "before", "after" au "until". Katika sentensi za namna hii, ndani ya duara "will" haiingii. "When I arrive in Masasi, I will call you."

Kwa "-nge-" ni vivyo hivyo: "ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli" ina "nge" pande zote mbili, ndiyo asili ya "would" mbili. Kiingereza kinaweka "would" upande mmoja tu, na upande wa "if" kinaweka umbo la wakati uliopita: "If I had money, I would buy a bicycle." Waambie mapema kwamba "had" hapa haizungumzii jana. Usiposema hivyo watauliza, na wana haki ya kuuliza.

"Tall than", "more tall than", "more taller than"

Sasa ulinganishi. Haya matatu yanaweza kutoka dawati moja, lakini ni watoto walio katika hatua tatu tofauti. Wa kwanza ana "kuliko" tu: kwa Kiswahili "mrefu" haibadiliki, kazi yote inafanywa na "kuliko", basi "tall than". Wa pili ameongeza "zaidi", akapata "more tall than". Wa tatu amejifunza "-er" na hakuthubutu kuacha "more". Huyu wa tatu ndiye aliye karibu zaidi na usahihi, na ndiye anayepigwa kelele zaidi. Mwambie kwamba tayari anavyo vyote, abakize kimoja.

Achague kipi? Kwa silabi. Neno fupi la silabi moja linachukua "-er", refu linachukua "more", la silabi mbili linaloishia na "y" linageuza kuwa "-ier". Watoto wetu wamepiga makofi ya silabi tangu darasa la kwanza, kwa hiyo njia wanaijua. Tatizo ni kwamba watapiga makofi ya Kiswahili: "big" watasema "bi-gi", makofi mawili, "large" watasema "la-ji". Tangulia wewe kupiga, wao wafuate, mpaka sikio likubali kwamba "large" ni kofi moja.

"More" yenyewe inawachanganya kwa sababu wanaisikia sana mbele ya majina. Wape takwimu za kweli wazitumie. Kwa sensa ya 2022, Mtwara ina watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Kwa eneo, Lindi ni karibu mara nne ya Mtwara. Basi: "Lindi is larger than Mtwara, but Mtwara has more people." "Lindi has fewer people than Mtwara." Waone kwamba "more" imekaa mbele ya "people", na "large" imejitosheleza kwa "-er". Daraja la Mkapa kwenye Rufiji, lililofunguliwa 2003, lina urefu wa mita 970. Daraja la Umoja kwenye Ruvuma, lililofunguliwa 2010, lina mita 720. Wape namba hizo tu, waunde sentensi wenyewe: "longer", "shorter", "older", "newer". Kulinganisha vitu walivyovivuka kwa basi kunawatoa kwenye John na Peter wa kitabu.

"Kuliko wote" huzaa "Asha is taller than all." Asha mwenyewe yumo ndani ya "all", ndipo sentensi inapokwama. Kila "kuliko wote" iende kwenye "the tallest", na ile "the" usiache ipotee, maana Kiswahili hakina kitu cha kuwakumbusha. "Sawa na" huzaa "tall like" na "same tall". Ijenge kwa "as tall as", "as" mbili, hakuna zaidi.

Kuna moja ambayo haionekani kama kosa, na kwa hiyo haisahihishwi. "My brother is bigger than me." Sarufi ni safi. Lakini mtoto alimaanisha kaka yake mkubwa, na msomaji anapata picha ya mtu mwenye mwili mkubwa. "Mkubwa" na "mdogo" za kwetu hubeba umri pia, kwa hiyo fundisha "older" na "younger" mapema, siku ile ile ya somo la familia.

"Than" na "then" wanazitamka sawa, ndiyo maana wanazichanganya kuandika. Imla fupi inatosha. Na "good", "bad", "far", "little", "much" na "many" ni za kukariri.

Anajua mwanzo na mwisho, katikati hakuna kitu

Mwanafunzi huyu anatumia "is going" vizuri, anatumia "will" vizuri, lakini "did" ni giza tupu. Kabla hujafikiri kwamba ni mzito, fungua rejista. Msimu wa korosho unaanza Oktoba, na nyumba nyingine zinahitaji kila mkono shambani. Akikosa wiki mbili ulizofundisha wakati uliopita, hatazifidia kwa kusikiliza wiki ya tatu. Hana kosa la lugha, ana pengo. Mpangie mwenzake mmoja na zile njia tatu za "came, didn't come, did she come", dakika kumi kila asubuhi kabla ya paredi.

Zoezi amepata yote, mtihani amerudi kule kule

Kwenye zoezi anafikiria kitenzi kimoja. Kwenye insha anafikiria kisa, maneno, mwandiko na saa, na mkono unarudi kwenye Kiswahili. Usimrudishe mwanzo wa somo. Mfundishe kusoma kazi yake, na uanze miezi kadhaa kabla ya mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, unaofanyika Novemba, ili liwe jambo la mazoea.

Insha ikiisha, aache dakika sita. Asome mara ya kwanza akitafuta neno la wakati katika kila aya, kisha agusie kila kitenzi kwa ncha ya kalamu na kujiuliza kama kinakubaliana nalo. Mara ya pili atafute "he", "she", "it" na majina ya mtu mmoja, aone kama "s" ipo. Mara ya tatu atafute "did", "didn't", "more" na "than" pekee. Wakati wa kusahihisha, wewe nawe fuata mpangilio huo huo: wiki hii piga mstari kwenye vitenzi vya kisa tu, makosa mengine yaache bila alama, na uwaambie mapema kwamba ndivyo utakavyofanya. Wiki ijayo hamia kwenye "s".